Kiungo Kisichoandikwa

Jioni moja ya Novemba 1943, mjini Tehran, Franklin Roosevelt alimchanganyia Joseph Stalin kokteli ya Martini. Vita vilikuwa vimepamba moto. Roosevelt, Stalin na Churchill walikuwa wamekutana wote watatu kwa mara ya kwanza, kupanga namna ya kummaliza Hitler, na kabla ya chakula cha usiku rais wa Marekani akakaa na jagi, barafu na chupa zake. Ndivyo alivyozoea. Hata Ikulu ya Washington, jua likishazama, kazi hiyo hakumwachia mtumishi. Charles Bohlen, mkalimani wake, alikuwapo, na katika kumbukumbu zake alieleza alichokiona: vemuthi tele, tamu na kavu pamoja, ikamiminwa juu ya barafu, jini ikafuata, kidogo kuliko vemuthi, vikakorogwa upesi upesi, glasi zikajazwa. Stalin akanywa yake. Alipoulizwa ameionaje, akasema haina ubaya, ila ni baridi tumboni.

Wapenzi wa Martini huisimulia habari hii wakimcheka Roosevelt, maana kwa vipimo vyao alichotengeneza ni aibu. Mimi namsikiliza Stalin. Kuhusu vemuthi hakuwa na la kusema. Kilichomgusa ni baridi. Na baridi, kwa kinywaji cha namna hii, ndiyo nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kitu kinachokuja pamoja na baridi hiyo, ambacho vitabu vingi vya mapishi havikitaji kwenye orodha ya mahitaji: maji.

Kwa maandishi, Martini ni mambo ya mstari mmoja. Mililita 60 za jini, mililita 15 za vemuthi kavu, barafu, koroga, chuja, kata ganda la limau. Lakini hebu pima kilichoingia kwenye glasi. Hutakuta mililita 75. Utakuta 100, pengine 110. Kilichoongezeka ni barafu iliyoyeyuka ulipokuwa ukikoroga, na hakikuingia kwa bahati mbaya. Robo ya kinywaji, wakati mwingine karibu theluthi, ni maji. Ukiyaondoa, unachopata si Martini bora bali pombe ya baridi inayochoma koo na kuzima harufu zake yenyewe. Jini ya asilimia 43 ikichanganywa na vemuthi ya asilimia 18 kwa vipimo hivyo hutoa kitu cha asilimia 38. Maji ya barafu hukishusha hadi 27 hivi, na hapo ndipo juniperi, limau na mitishamba ya vemuthi hupata nafasi ya kusikika puani.

Watu wamebishana kwa zaidi ya miaka 100 kuhusu jini ngapi kwa vemuthi ngapi. Ubishi mtamu, na nitaugusa. Lakini mtu anayechanganya nyumbani kwake akishindwa, mara nyingi hashindwi hapo. Anashindwa kwenye barafu.

Barafu ndiyo iliyoifanya kokteli iwe ya Kimarekani. Mwaka 1806 Frederic Tudor, kijana wa Boston, alipakia melini barafu iliyokatwa huko Massachusetts majira ya baridi, akaipeleka kisiwa cha Martinique. Watu walimcheka, na safari ile ilimtia hasara. Hakuacha. Alijifunza kuifunika kwa unga wa mbao, na mwaka 1825 Nathaniel Wyeth akabuni plau ya kukokotwa na farasi, iliyokata barafu ya ziwani katika vipande vinavyolingana, gharama zikaporomoka. Mwaka 1833 shehena ya Tudor ilivuka ikweta mara mbili, ikafika Calcutta na sehemu kubwa bado imeganda. (Ni pwani ile ile ya Massachusetts, kutoka bandari ya Salem, iliyokuwa ikileta Unguja kitambaa cha pamba ambacho bibi zetu walikiita merikani.) Kufikia nusu ya pili ya karne ya 19, mhudumu wa baa wa New York alikuwa na barafu ya bei nafuu kiangazi chote. Kokteli za kukoroga zilizaliwa mikononi mwake.

Mwaka 1884 O. H. Byron alichapisha mwongozo wa wahudumu wa baa wenye kinywaji kiitwacho Martinez, ambacho kwa maelezo yake ni kokteli ya Manhattan iliyotolewa wiski ikatiwa jini. Miaka minne baadaye kitabu cha Harry Johnson kikawa na Martini. Mji wa Martinez, California, unadai mtoto ni wake; kampuni ya vemuthi ya Martini & Rossi, ya Torino, nayo ina jina linalofanana mno kupuuzwa. Sitamaliza wino hapo. Cha kujua ni kwamba kilichokuwa glasini siku hizo kingekushangaza: vemuthi nyekundu ya Kiitaliano, tamu, pamoja na jini ya Old Tom, iliyotiwa utamu nayo.

Kisha utamu ukaanza kupungua. Jini kavu ikaiondoa Old Tom, vemuthi nyeupe ya Kifaransa ikaiondoa ile nyekundu. Tarehe 5 Desemba 1933 Marekani ilifuta marufuku ya pombe iliyokuwapo tangu 1920, na kuanzia hapo vemuthi ikawa inapungua muongo hadi muongo. Kufikia miaka ya 1950 na 1960, kuipunguza kulikuwa kumegeuka mashindano ya wanaume. Wapo waliopulizia tone moja kwa chupa ya manukato. Wapo waliotosheka kuitazama chupa kwa mbali. Mwaka 1966 shirika la viwango la Marekani, lile lile linaloweka vipimo vya vyuma na nyaya, lilitoa kwa utani waraka kamili wenye namba yake, K100.1, kuhusu kanuni za Martini kavu.

Maoni yangu ni kwamba vemuthi ilionewa. Ni mvinyo. Imeongezwa pombe kali kidogo na kulowekewa mitishamba, pakanga ikiwa ya kwanza, lakini inabaki kuwa mvinyo, wa asilimia 15 hadi 18, na mvinyo ukifunguliwa huharibika. Antonio Benedetto Carpano alianza kuuza ile tamu Torino mwaka 1786. Joseph Noilly akatengeneza ya kwake, kavu, huko Lyon mwaka 1813, na hadi leo Noilly Prat hutengenezwa Marseillan, kusini mwa Ufaransa, ambako mapipa huachwa uani mwaka mzima yakipigwa jua na upepo wa bahari. Kazi yote hiyo, halafu mtu anaifungua chupa, anatumia kijiko kimoja, anairudisha kabatini karibu na jiko. Aliyeonja vemuthi iliyokaa wazi miezi minane katika joto la Mombasa ana haki ya kuichukia. Ila alichokichukia si vemuthi.

Iweke kwenye friji mara tu ukiifungua, na uimalize ndani ya mwezi mmoja au miwili. Nunua chupa ndogo ikipatikana. Isipopatikana, usione uchungu: glasi ya vemuthi kavu yenye barafu na kipande cha chungwa ni kinywaji kizuri kabla ya chakula, na inayobaki inafaa sana kwenye sufuria ya samaki badala ya mvinyo mweupe.

Kuhusu uwiano, anza na sehemu nne za jini kwa moja ya vemuthi. Ukiipenda, sogea polepole upande wowote unaokuita. Audrey Saunders alipofungua baa ya Pegu Club mjini New York mwaka 2005, Martini moja aliyoipigia debe ilikuwa nusu kwa nusu, ikiwa na matone ya bita za chungwa, yaani dondoo chungu ya maganda yake, kama walivyofanya wazee wa zamani. Wateja waliolelewa kuiogopa vemuthi waligundua kwamba inanyweka. Mtu anayeanza angeona faida kuionja hiyo kwanza, kwa sababu ni laini na haimwangushi.

Jini yenyewe. Waholanzi waliitengeneza kabla ya Waingereza, Waingereza wakaichukua, na nusu ya kwanza ya karne ya 18 ikailevya London kiasi cha kulazimisha Bunge kutunga sheria juu ya sheria, ya 1751 ikiwa ndiyo iliyofanikiwa kuitia hatamu. Jini ya enzi zile ilikuwa chafu, na sukari iliisaidia kuficha uchafu. Aeneas Coffey alipopata hataza ya mtambo wake wa kukeneka mwaka 1830, ikawezekana kupata pombe safi kwa wingi na bila kusita, na pombe safi haihitaji kufichwa. Hapo ndipo jini kavu ilipopata mlango. Maneno London Dry kwenye lebo hayasemi imetoka London. Yanaeleza namna ya kuitengeneza: harufu zote ziingie wakati wa kukeneka, si kwa kutia ladha baadaye, na sukari isizidi chembe, gramu 0.1 kwa lita.

Mbele kabisa ya harufu hizo ni juniperi, tunda dogo jeusi-samawati ambalo wengi wetu hulijua kwa kusoma tu. Lakini mti wa ukoo huo tunao. Mtarakwa wa nyanda za juu za Kenya, ule ambao mbao zake zilitengenezewa penseli, ni juniperi. Jina lake la kitaalamu ni Juniperus procera, na ndiyo juniperi pekee inayoota yenyewe hadi kusini mwa ikweta. Kuna kampuni ya Nairobi, Procera, inayotengeneza jini kwa matunda ya mti huo yakiwa mabichi, ilhali viwanda vya Ulaya kwa kawaida hutumia yaliyokauka. Tofauti inasikika. Ile ya Ulaya ina ukali wa msonobari. Hii ni laini zaidi, ina ujani, karibu na njugu. Bei yake si ya kila mwisho wa mwezi.

Na zetu za bei nafuu? Uganda Waragi ni jini kweli, ingawa nyepesi, na kwenye Martini inazidiwa. Konyagi si jini, hata kama inafanana nayo kwa mbali. Mahali pake ni kwenye toniki, ndimu na barafu nyingi, na hapo haina mpinzani. Kwa Martini angalia namba iliyo kwenye lebo kabla ya kuangalia picha. Jini ya asilimia 37.5 ikishaingia maji ya barafu huwa chapwa. Tafuta 43 au zaidi. Nguvu hiyo si ya kulewesha, ni ya kustahimili maji yatakayokuja.

Sasa tufike jikoni, kwenye hesabu. Kupoza gramu moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi kunataka uondoe jouli 4.2 hivi. Kuyeyusha gramu moja ya barafu kunameza jouli 334. Ni mara 80. Kwa maneno mengine, barafu haikipozi kinywaji kwa kuwa yenyewe ni baridi, inakipoza hasa kwa kuyeyuka. Baridi na maji ni mzigo mmoja. Huwezi kuchukua hiki ukaacha kile. Anayekuahidi kwamba barafu yake itapoza bila kuongeza maji anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

La kushangaza zaidi ni kwamba barafu ya nyuzi sifuri huweza kukishusha kinywaji chini ya sifuri. Ndani ya maji matupu, zile molekuli zinazobanduka kwenye barafu na zile zinazorudi kugandia hulingana kwenye sifuri, na mambo husimama hapo. Alkoholi ikiwemo, usawa huo huvunjika. Molekuli za maji zinazogusa barafu zinakuwa chache, zinazorudi zinapungua, barafu inaendelea kuyeyuka, na joto la kuyeyukia inalitoa kwenye kinywaji chenyewe. Ni mbinu ile ile ya mtengeneza aiskrimu anayetia chumvi kwenye barafu inayozunguka ndoo yake. Martini iliyokorogwa vizuri hufika nyuzi 3 hadi 5 chini ya sifuri, na ulimi unalijua hilo kabla ya kipimajoto.

Vitabu vingi tunavyovisoma vimeandikwa kwenye majiko ya New York na London, ambako chupa ya mezani ina nyuzi 20. Mezani Dar es Salaam mwezi Februari ina 30. Kuzishusha mililita 75 za mchanganyiko kutoka 30 hadi nyuzi 3 chini ya sifuri kunayeyusha kama gramu 27 za barafu. Kutoka 20, kama ilivyo Nairobi jioni, gramu 19. Gramu 8 si nyingi, lakini mhalifu mkubwa hajatajwa bado, naye ni chombo cha kukorogea. Glasi nene ya gramu 300 yenye joto hilo la Dar inataka zaidi ya gramu 20 za barafu ili nayo ipoe, na maji yake yote yanaingia kwenye kinywaji chako. Yaani mtu amepima jini na vemuthi kwa uangalifu wote, kisha chombo chake cha moto kikamwongezea maji karibu mara mbili ya aliyoyataka. Anaonja, anaona chapwa, analaumu vemuthi. Kesho yake anaipunguza.

Dawa yake haigharimu chochote. Chombo kiingie friza nusu saa kabla, au kijaze barafu na maji dakika chache kisha umwage vyote. Glasi za kunywea ziingie friza pia. Jini nayo? Kuiweka kwenye friji ni busara kwa anayeishi pwani. Kuiweka friza ni jambo jingine, maana jini ya nyuzi 18 chini ya sifuri haiyeyushi barafu ya kutosha, na Martini inatoka kali kupita kiasi. Hoteli ya Dukes mjini London imejijengea jina kwa njia hiyo hasa: jini iliyotoka friza inamiminwa moja kwa moja kwenye glasi, haikorogwi, haina barafu, na mteja hapewi zaidi ya mbili. Ian Fleming, mwandishi wa riwaya za James Bond, alikuwa akienda kunywa pale. Ni kinywaji cha kuheshimiwa, ila utaratibu wa mbili tu unakueleza kilichomo.

Barafu iwe kubwa na kavu. Vipande vikubwa vya trei vinafaa kuliko vile vidogo, kwa sababu vidogo vina uso mwingi na uso huo umebeba maji ambayo tayari yameyeyuka. Maji hayo yanaingia kwenye kinywaji bila kufanya kazi yoyote ya maana ya kupoza. Barafu ya mfuko ya kituo cha mafuta, iliyosafiri kwenye buti ya gari, imefika ikitiririka. Irudishe friza ikauke, au ichuje vizuri kabla ya kumimina kitu. Halafu inuse. Barafu hunyonya harufu, na friza nyingi za kwetu zina samaki, nyama na bizari zilizofungwa vibaya. Kwenye juisi ya embe harufu hiyo itajificha. Kwenye Martini haina pa kujificha. Trei iwe na kifuniko, na maji yasiwe na harufu ya klorini. Maji unayoyapenda kunywa ndiyo ya kugandisha.

(Kwa msomaji ambaye dini au daktari amemkataza, hesabu hii ya barafu ni yake pia. Jagi la ukwaju lililokaa juani linameza barafu vile vile, na ndiyo maana linakuwa chapwa kabla wageni hawajaketi. Lipoze kwanza.)

Kukoroga kwenyewe ni kazi ya mkono mtulivu. Mimina vemuthi, mimina jini, jaza barafu hadi ipite usawa wa kinywaji. Barafu chache ni kosa, kwa sababu zinayeyuka zote kabla ya kukipoza. Tumia kijiko chenye mpini mrefu. Mgongo wa kijiko upite ukiambaa ukuta wa chombo, barafu izunguke kama kitu kimoja, bila kugonganagongana. Sekunde 30 kwa kawaida zinatosha, lakini saa yako haijui ukubwa wa barafu yako, kwa hiyo onja. Chovya ncha ya kijiko, tia ulimini. Mwanzoni kinachoma. Endelea. Itafika hatua ukali unatulia na harufu zinafunguka, na chombo kwa nje kimeanza kushika ukungu. Chuja hapo hapo. Ukizubaa kwa mazungumzo kwa dakika mbili tatu, barafu haikusubiri.

Na kutikisa je? James Bond wa Fleming alipoagiza kokteli yake katika riwaya ya Casino Royale ya 1953, jini, vodka na mvinyo wa Kina Lillet, alitaka itikiswe, na tangu hapo kila baa ina mteja mmoja wa kurudia agizo hilo. Kutikisa hupoza haraka zaidi na hufika chini zaidi, lakini huingiza maji mengi zaidi, mapovu ya hewa na chembe za barafu. Kinywaji chenye ndimu, maziwa au yai kinayahitaji mapovu hayo. Kisicho na kitu cha kuficha uwazi wake, kama Martini, kinatoka na ukungu na ulimini kinakuwa chepesi pale kilipotakiwa kuwa kizito na laini kama hariri. Si dhambi. Wanaosema jini hupata majeraha ikitikiswa wanatia chumvi. Anayependa barafu ndogo ndogo zinazoelea juu na atikise.

Limau liwe la njano, lenye ganda nene, lililooshwa vizuri, maana mengi hupakwa nta. Kata ganda tu, upana wa kidole gumba, ile nyama nyeupe ibaki kwenye limau kwa sababu ni chungu. Liminye juu ya glasi upande wa njano ukitazama chini. Utaona mafuta yakitanda juu. Ndimu haitoi harufu hiyo. Ganda lake lina ukali mwingine, na juisi haitakiwi hapa hata tone. Anayependa zeituni atumie ya kijani, ya kwenye maji ya chumvi, isiyowekwa kwenye mafuta, na iwe imetoka kwenye friji. Kitunguu kidogo cha siki badala ya zeituni, nayo inaitwa Gibson.

Glasi iwe ndogo. Zile bakuli zenye miguu zilizoenea miaka ya 1990 zinabeba kinywaji kingi kuliko mtu anavyoweza kukimaliza kikiwa bado na baridi, na Martini iliyopata joto ni kitu cha kusikitisha. Mililita 100 zinatosha. Hata hizo zina alkoholi zaidi ya chupa ya nusu lita ya bia ya kawaida, jambo ambalo udogo wa glasi humsahaulisha mtu. Kama kuna ya pili, iwe baada ya kula. Na kama kuna gari, ya pili haipo, wala ya kwanza.

Ukishakubali kwamba maji ni kiungo, unaweza kuyapima kama viungo vingine, na hapo barafu yenyewe unaweza kuiacha. Kwa wageni sita au saba mimi hufanya hivyo. Kwenye chupa safi ya mililita 750 naweka mililita 480 za jini, 120 za vemuthi na 150 za maji ya kunywa ya baridi, natikisa polepole kuchanganya, naiweka friza asubuhi. Jioni ni kumimina tu, ganda la limau, basi. Mwenyeji anakaa na watu wake badala ya kusimama jikoni na kijiko. Maji hapo ni machache kidogo kuliko ya kukoroga, kwa kuwa friza itaishusha mbali zaidi na baridi hiyo inauficha ukali. Ikilala humo usiku kucha huenda ikashika chembe za barafu, kwani mchanganyiko huu ni wa asilimia 30 tu. Itoe dakika chache kabla ya kumimina, zitayeyuka. Na iandike chupa kwa herufi kubwa. Kilichomo hakina rangi, kimo ndani ya friza, na watoto wa nyumba yoyote ile hufungua friza wakitafuta maji baridi.